Wafundisheni kupima

Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17 mpaka leo. Ukiuliza jina hilo limetoka wapi, wengi watakutajia FRELIMO, kwa sababu wapigania uhuru wa Msumbiji waliweka kambi yao hapo na habari hiyo inajulikana. Lakini namba yenyewe ni ya zamani kuliko kambi. Ni namba ya shamba, mojawapo ya yale mashamba makubwa ya Mpango wa Karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947.

Kila ninaposikia kiongozi anasema elimu ndiyo itakayojenga jamii endelevu, nauwaza mpango ule. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kula hayatoshi. Ikaamua kulima karanga Afrika, ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Wataalamu walizunguka kwa wiki chache, maeneo mengine wakayatazama kutoka kwenye ndege, wakaandika ripoti. Rekodi za mvua zilikuwa chache mno. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na ulipopigwa na jua la kiangazi ukashikana hata karanga zikawa hazing'oleki. Matrekta yakafia kwenye visiki. Kusini ikajengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, ikatandikwa reli kwenda Nachingwea, na mji wenyewe ukachorwa na barabara pana hizi tunazopita leo, ukisubiri watu ambao hawakuja. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, karibu pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Waliobuni mpango ule hawakuwa wajinga. Walikuwa na vyeti, na baadhi yao walikuwa wameshafanya kazi ya kilimo nchini humu kwa miaka. Walichokosa ni kupima kabla ya kutenda, na kuwauliza waliokuwa wanalima pale mvua huja lini na huchelewa kiasi gani. Ndiyo maana nasema elimu kwa jumla yake haitoshi. Mtu anaweza kusoma sana akaja kuharibu mahali ambapo bibi asiyejua kusoma angekaa miaka sabini bila kupaharibu. Kwa maoni yangu elimu inayodumisha jamii ni ile inayowapa watu wa mahali husika uwezo wa kupima walichonacho: maji yao, miti yao, udongo wao, fedha zao. Wapime wenyewe, kwa mikono yao, wapate jibu ambalo hakuna mgeni wala mwenyeji mjanja atakayewabadilishia.

Nafundisha hesabu sekondari, Newala. Nayasema haya kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu inaniuma kuona kitu chenye nguvu namna hii kinafundishwa kana kwamba kazi yake ni kufaulu mtihani tu.

Asiyefika Newala anapaswa kwanza kuelewa habari ya maji. Uwanda wa Makonde uko juu, una upepo mzuri, watu wamejaa, mihogo na mikorosho inastawi. Lakini udongo wake ni wa kichanga na maji ya mvua huzama chini moja kwa moja. Huku juu hatuna mito wala vijito. Mama zetu na bibi zetu waliteremka mabonde kwa miguu, alfajiri, na kupanda tena na ndoo kichwani. Mradi wa Maji wa Makonde, ulioanza enzi za mkoloni miaka ya 1950, ulipunguza mateso hayo, ila kusukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha huku ni gharama kubwa, na mashine zikisimama mji mzima unaona. Kwa hiyo watu walibuni lao: kisima cha saruji uani, kinachopokea maji ya bati. Nyumba nyingi Newala zinacho. Mvua zikinyesha, bomba la mfereji wa bati linajaza kisima, kiangazi mnachota kidogo kidogo.

Hapo ndipo mahali pa mwalimu wa hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kamili. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulithibitisha hilo kwa penseli. Chukua nyumba ya kawaida, bati lake limefunika mita 8 kwa mita 10. Hizo ni mita za mraba 80. Uwanda wetu hupata mvua inayokaribia milimita 1,000 kwa mwaka mzuri. Kwa hiyo juu ya bati lile huanguka lita 80,000. Ondoa sehemu ya tano kwa ajili ya yanayomwagika, yanayokauka na mvua ya kwanza inayosafisha bati: zinabaki lita 64,000. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 3,200.

Nilipoandika jibu hilo ubaoni darasa lilinyamaza, halafu kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Madamu, sasa mbona sisi maji yanatuishia mwezi wa nane?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalitaka. Tukaendelea. Familia inayotumia ndoo tano kwa siku inatumia lita 100. Kuanzia Juni hadi Novemba ni kama siku 180 za ukavu. Zinahitajika lita 18,000. Kisima cha mita 3 kwa mita 3 chenye kina cha mita 2 hubeba lita 18,000 sawasawa. Niliwaambia waende nyumbani wapime kisima chao, kwa kamba kama hawana futi, waje na majibu. Wakaja. Visima vingi vilikuwa vidogo kuliko mahitaji, lakini si hilo lililowashangaza. Kilichowashangaza ni mifereji. Nyumba nyingi zilikuwa na mfereji upande mmoja tu wa paa, maana yake nusu ya maji inamwagika uani na kuchimba korongo. Familia ilikuwa inapanga kuchimba kisima cha pili kwa fedha nyingi, kumbe kilichopungua ni mfereji wa upande wa pili na cha kwanza kijae vizuri.

Mzazi mmoja alikuja shuleni baada ya hapo. Hakuja kushukuru; alikuja kubishana. Alisema mwanawe amemwambia fundi kwamba vipimo vya kisima havijakaa sawa, na fundi ni mtu mzima, haifai mtoto kumsemesha hivyo. Tulikaa chini ya mwembe tukazungumza. Nilimwambia mtoto aombe radhi kwa namna alivyosema, maana adabu ni adabu, lakini vipimo tuviangalie. Tukaviangalia pamoja. Mzazi yule alikuwa na akili sana ya hesabu, hakuwahi tu kukutana na mtu wa kukaa naye. Alipiga hesabu ya mifuko ya saruji kichwani haraka kuliko mimi kwenye karatasi.

Nimeona jambo hili mara nyingi. Watu wetu wanapima. Mvuvi wa Mikindani anajua bamvua na maji mafu bila kalenda ya ukutani. Kungwi kwenye unyago anamfundisha mwali kwa nyimbo na mafumbo, anamuuliza, anamsubiri, hamwachi mpaka aonyeshe kwa vitendo kwamba ameelewa. Mimi kama mwalimu nimejifunza kutoka kwa wanawake wale: hawasahihishi karatasi, wanaangalia mtu anafanya nini. Tuna tatizo la kweli la watoto kukosa masomo pale jando na unyago vinapogongana na ratiba ya shule, na ninaunga mkono kabisa juhudi za kuvipeleka kwenye likizo. Lakini nisingependa mtu atumie tatizo la ratiba kusema kwamba wazee hawana elimu. Wanayo, na njia yao ya kufundisha inazidi nyingi za kwetu.

Sasa korosho, maana huwezi kuzungumza habari ya kudumu kwa jamii ya Mtwara na Lindi ukairuka.

Mkorosho ulikuja pwani na Wareno karne nyingi zilizopita, ukakaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata karibu tani 145,000. Kisha ukaja uhamisho wa vijiji. Watu wakahamishwa wakaacha mikorosho yao mbali, porini, haina wa kupalilia. Bei nayo ilikuwa ndogo. Juu ya hayo ukaingia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Wazazi wangu wananisimulia miaka ile kwa sauti ya chini. Kilichotunyanyua tena kilitoka sehemu nyingi, lakini kimoja nataka kukitaja: utafiti wa Naliendele, hapa hapa nje kidogo ya mji wa Mtwara. Walipima kiasi cha salfa, unga wa kupulizia ugonjwa huo, kwa kila mti, wakapima siku kati ya awamu moja ya kupuliza na nyingine, wakachagua miche bora, wakaipeleka kwa wakulima. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Hiyo ni elimu iliyofanya kazi, na ilifanya kazi kwa sababu ilikaa shambani.

Lakini ujumbe wa Naliendele haufiki wote kwa mkulima. Unaofika ni mfuko wa salfa. Mkulima anajua inapulizwa alfajiri, umande upo na upepo haujaanza, hilo kila mtu analijua na mvumo wa mashine za kupulizia huamsha kijiji kizima. Asichoambiwa vya kutosha ni kwamba salfa ikizidi mwaka baada ya mwaka huongeza asidi kwenye udongo. Mkorosho unavumilia. Mahindi na kunde zilizopandwa katikati yake ndizo zinazoanza kulegea, na mtu analaumu mbegu. Kemia hiyo iko kwenye silabasi yetu. Asidi, besi, kipimo cha pH, yote yamo. Sijawahi kuona swali la mtihani wa taifa linalomtaka mwanafunzi aeleze kwa nini mahindi ya mama yake yamedumaa chini ya mikorosho. Na karatasi za kupimia asidi si ghali. Maabara ya shule ikiwa nazo, kila mtoto akaleta udongo wa shamba la kwao kwenye kikopo, katika muhula mmoja kata ingekuwa na ramani ya udongo ambayo hata halmashauri haina.

Kisha mizani. Ninyi mnaotoka Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Liwale mnajua kangomba. Anakuja mnunuzi wakati nyumbani hakuna kitu, ada inadaiwa, kuna mgonjwa, na ananunua korosho kwa chombo chake. Ni kinyume cha sheria, kila msimu watu wanakamatwa, na kila msimu inarudi, kwa sababu shida inarudi. Tuliwahi kuleta chombo kimoja cha namna hiyo darasani. Kilijazwa korosho kavu mpaka juu, kikawekwa kwenye mzani wa dukani. Kinaitwa kilo. Kilizidi kilo kwa zaidi ya robo. Wanafunzi wakafanya hesabu ya gunia zima, halafu ya msimu mzima wa kaya moja, na msichana mmoja akaanza kulia kwa sababu alijua ni korosho za nani alizokuwa anazihesabu. Sikuendelea na somo siku ile. Nilikaa naye.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007 ili kuondoa unyonyaji huo, na mimi ninauunga mkono. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinapangwa daraja, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, fedha zinaingia benki. Bei ya mnada inatangazwa mpaka redioni. Ila kati ya bei ya redioni na fedha ya benki kuna makato, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kuna ushuru wa halmashauri, asilimia 3. Kuna ghala, usafiri, magunia, gharama za chama, na unyaufu wa mzigo uliokaa ghalani. Kila kimoja kinaweza kuwa halali. Lakini mtu asiyejua asilimia atajuaje kwamba ni halali?

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha kwanza. Magunia kumi ya kilo 80 ni kilo 800. Tuseme bei ni shilingi 3,000: jumla 2,400,000. Asilimia 3 ni shilingi 72,000. Mtoto aliyekokotoa hapo anaweza kusoma stakabadhi ya baba yake mstari kwa mstari. Na baba akienda kwenye mkutano wa chama akauliza swali moja lenye namba ndani yake, mkutano unabadilika. Kelele na lawama ni rahisi kuzinyamazisha. Namba iliyo sahihi inambana kiongozi ajibu, na kiongozi mwaminifu anafurahi kuulizwa, kwa sababu inamlinda na yeye.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema shule isimtenge mtoto na jamii yake, na kwamba shamba la shule liwe sehemu ya masomo: wanafunzi wapange, walime, waone matokeo ya maamuzi yao na kujifunza kutokana nayo. Soma tena maneno hayo halafu kumbuka shamba la shule uliyosoma wewe. Wengi wetu tulilijua kama adhabu. Umechelewa namba, palilia. Umezungumza Kiswahili kwenye eneo la Kiingereza, palilia. Mavuno yalikwenda wapi hatukuambiwa, na hakuna aliyetuuliza kwa nini mstari ule ulizaa na huu haukuzaa. Jembe likawa fimbo. Nina uchungu na jambo hili kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu wazo lilikuwa sahihi, ardhi ilikuwepo, watoto walikuwepo, na sisi walimu ndio tulioligeuza. Kizazi kizima kilihitimu kikiamini kwamba kusoma ni kulikimbia shamba.

Sasa kuna mtaala mpya, na sekondari imewekewa mkondo wa amali. Ninautazama kwa matumaini ya kweli. Lakini amali haitakuwa elimu ikiwa tutawafundisha vijana ufundi bila kuwapa vipimo na sababu. Fundi wa kisima asiyejua ujazo, mbanguaji wa korosho asiyejua gharama ya kilo moja aliyobangua, mfugaji wa kuku asiyeandika chakula kilichoingia na mayai yaliyotoka, hao wote watafanya kazi kwa bidii na kufunga baada ya mwaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka mkoa wa Lindi, wilaya ya Kilwa, na haukuanzia shuleni.

Mpingo unakua taratibu sana, huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Zumari za Ulaya, klarineti na obo, zinatengenezwa kwa mti huu, na Wamakonde wanachonga vinyago kwa mti huu huu. Kwa miaka mingi magogo yalitoka misitu ya Kilwa na vijiji vikabaki bila kitu cha maana. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative likafanya kazi na vijiji, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, cheti cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Baadaye kijiji cha Nanjirinji, chenye msitu mkubwa sana, kikaingia, na fedha za magogo zikaanza kujenga vitu vya kijiji.

Tazama walichojifunza watu wale. Ndugu yangu anayefundisha shule ya msingi wilaya hiyo amenieleza jinsi kamati ya maliasili inavyofanya. Wanaingia msituni kwa mistari iliyonyooka, wanahesabu miti, wanapima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Wanaandika. Kutokana na hesabu hiyo wanajua miti mingapi inaweza kukatwa bila msitu kupungua, na mingapi iachwe ikue kwa ajili ya wajukuu. Mnunuzi akija wana idadi na wana ujazo wa gogo, wanataja bei. Humo kuna mzee aliyeishia darasa la nne, mama aliyesoma elimu ya watu wazima, kijana aliyeishia kidato cha nne na kufeli hesabu. Wanapima pamoja. Kijana aliyefeli hesabu kwenye karatasi anapima mzingo wa mpingo, anagawa, anapata kipenyo, hakosei, kwa sababu akikosea kijiji kinapoteza fedha na mti ambao hatauona tena maishani mwake.

Sisemi Kilwa kila kitu kimetulia. Ufuta una bei nzuri na ufuta unapenda ardhi mpya, kwa hiyo msitu unafyekwa kwa ajili yake, Kilwa, Liwale na kwingineko. Moto wa kiangazi unavuka mipaka. Lakini kijiji chenye daftari la miti yake kinaweza kulinganisha: ekari hii ikiwa ufuta itatupa nini kwa misimu mitatu kabla haijachoka, na ikiwa msitu itatupa nini kwa miaka thelathini. Kisicho na daftari hakina cha kulinganisha, kinachagua fedha ya mwaka huu, na nani atakilaumu?

Gesi nitaigusa kidogo tu, kwa sababu ni kidonda. Ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004. Ya Mnazi Bay, Msimbati, iligunduliwa 1982 na kuanza kutumika 2006. Mwaka 2013 Mtwara iliingia machafukoni kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Sitaki kuhukumu mtu. Ninachokumbuka ni kwamba mitaani kulikuwa na hasira nyingi na namba chache. Watu waliahidiwa maendeleo bila hesabu, na wakaogopa kunyang'anywa bila hesabu. Gesi si mkorosho, haioti tena. Ina kiasi chake chini ya ardhi, na kila siku kinapungua. Halmashauri inapokea ushuru wa huduma kutokana na mapato ya kampuni. Tuseme ni asilimia 0.3: kila mwananchi anapaswa kuweza kukokotoa kwamba kwenye kila shilingi bilioni moja hiyo ni shilingi milioni tatu, kisha aulize milioni hizo zimejenga nini kitakachobaki visima vya gesi vikikauka. Kama mtoto wa Msimbati anamaliza kidato cha nne bila kuweza kuuliza hivyo, basi shule imemnyima urithi wake.

Najua ugumu wake. Darasani kwangu kuna wanafunzi wengi kuliko madawati. Mwalimu akitoka nje ya silabasi kwa wiki mbili, mkuu wa shule anaona anachelewesha mada, na matokeo ya mtihani ndiyo yanayobandikwa ukutani, kisima cha mtu hakibandikwi. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mimi mambo haya ya bati na salfa nayafundisha kwa Kiswahili, maana mtoto atakwenda kuyaeleza nyumbani. Sioni aibu kwa hilo. Wenzangu wanaofundisha hesabu Mtwara na Lindi, naamini wengi mnafanya hivi kimya kimya. Ningependa tuanze kubadilishana maswali yetu, ili anayefundisha Mchinga awe na maswali ya nyavu na samaki, wa Ruangwa ya ufuta, wa Kilwa ya mpingo, na mimi niwe na ya bati na korosho.

Kwa upande wangu nimeanza na chama cha msingi cha hapa karibu na shule. Nilimwendea karani wao, nikamwomba orodha kamili ya makato ya msimu, kila kipengele na kiasi chake kwa kilo, kabla minada haijaanza Oktoba. Alisita kidogo, akaenda kuwauliza viongozi wake, akarudi na karatasi. Tutaibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, na kidato cha pili wataleta stakabadhi za nyumbani, majina yamezibwa, wazihakiki moja moja. Karani ameomba jambo moja: wakikuta kosa, wamwambie yeye kwanza ili alirekebishe kabla fedha hazijalipwa. Nimemkubalia, na nimempa ratiba ya vipindi vyangu ili siku hiyo awepo darasani.